Tupeane uzoefu: klachi ya mafuta isiyokata kwenye van kuukuu

Spana13: Wakuu, van yangu ni ya zamani, klachi ya mafuta, siyo ya waya. Pedali inazama laini mno, gia ya nyuma inasaga. Nikipampu harakaharaka, gia zote zinaingia. Fundi anataka kushusha giaboksi abadilishe pleti. Mliowahi kukutwa na haya, mlianzia wapi?

MzeeWaGia: Mwambie aweke spana chini kwanza. Pleti iliyokwisha huteleza: injini inanguruma, gari halivuti. Yako haikati, yaani haiachanishi injini na giaboksi, na ukipampu inakata, kwa hiyo ni upepo ndani ya mafuta au raba za silinda zimechoka. Kwangu ilikuwa silinda ya juu, ile ya kwenye pedali inayosukuma mafuta. Nililala chali chini ya dashibodi na tochi, nikapitisha kidole pale fimbo ya pedali inapoingilia. Kikatoka kimelowa, na rangi ya bati hapo chini ilishababuka.

BintiGereji: Silinda zangu zilionekana kavu zote. Nikafunua raba ya vumbi ya silinda ya chini, ile ya kwenye giaboksi inayopokea mafuta, mafuta meusi yakachuruzika hadi kwenye kiwiko. Nikaweka mpya, haikupita muda ya juu nayo ikaanza kuvuja. Kama zina umri mmoja, badilisha zote mbili.

Tairi_Kipara: Mimi hata tone halikuvuja. Mwenzangu anakanyaga, nimeshika paipu ya mpira, naisikia inavimba kiganjani. Paipu mpya, kesi imefungwa.

Spana13: Nimefunua, ya chini imelowa. Upepo mnautoaje? Nikifungua nipo, ile skrubu ya kutolea upepo kwenye silinda, pedali hairudi.

MzeeWaGia: Iinue kwa mkono. Ila upepo hupenda kupanda, kwa hiyo mimi huupeleka huko huko: bomba la sindano lenye mafuta mapya ya breki, nasukuma polepole kutoka nipo ya chini kwenda juu. Punguza mafuta ya kikopo cha juu kwanza kisifurike. Aina ya mafuta ya breki, DOT 3 au DOT 4, fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko. Mafuta ya injini usithubutu! Yanavimbisha raba, na kwenye magari mengi kikopo hicho ndicho cha breki pia.

KondaMstaafu: Jamani, kuna van ambazo silinda ya chini imezunguka shafti ya giaboksi ndani kabisa. Yangu ilikuwa hivyo, inadondoshea kwenye maungio ya injini na giaboksi. Hapo kushusha hakukwepeki, na pleti nikaweka mpya humohumo, maana kazi ya kufungua ni ileile.

Spana13: Yangu iko nje, boliti mbili tu. Nafungua kesho, fundi nimeshamwambia asubiri.