Chanjo ya sumu ya ukungu kwa mifugo ya malishoni: pesa za umma ziende huko au la?

Mchokozi77: Wakuu habari. Msimu wa joto na unyevu ukungu unaota kwenye majani, kondoo na ng'ombe wanakula sumu ini linaharibika. Mi nasema serikali zitoe hela itengenezwe chanjo dhidi ya sumu yenyewe, sindano moja kwisha habari. Mnasemaje?

Binti_Maabara: Sindano moja ndo imenichekesha. Molekuli ya sumu ni ndogo mno, kinga ya mwili haishtuki, lazima uibandike kwenye protini kubwa ndo mwili utengeneze kingamwili. CSIRO, taasisi ya utafiti ya serikali ya Australia, walifanya hivyo kwa fomopsini, sumu ya ukungu wa kwenye mabua ya lupini (mmea wa jamii ya kunde), na kondoo wakapata kinga. Ila New Zealand walipojaribu kwa sporidesmini, ile sumu ya ukungu wa majani ya malisho, kingamwili zilitokea vizuri tu na kondoo bado wakaumia. Kila sumu na hesabu yake. Na tuambiane ukweli, nusu ya hasara ni uvivu wa wafugaji, mbegu za ukungu zinajaa chini kwenye majani makavu, usiache mnyama akwangue mpaka udongoni.

MzeeWaZizi: Uvivu??? Dada umewahi kuamka saa tisa usiku kuzalisha ng'ombe kwenye mvua? Malisho yakiisha nihamishie wapi, barabarani?

Kaka_Ngeli: Kwanza kichwa cha mada, ni mifugo YA malishoni au WA malishoni? Ni viumbe hai hao.

MzeeWaZizi: Wewe nawe nenda ukachunge.

Dume_la_Mbegu: Mbona hamuongelei kuchagua madume yanayostahimili? Ustahimilivu unarithiwa, New Zealand wanapima kondoo dume kwa kazi hiyo miaka mingi sasa, huhitaji sindano wala nini

MzeeWaZizi: Narudi kwa dada wa maabara. Hiyo New Zealand unayoitaja, dawa ya zinki ya kukinga mifugo na hiyo sporidesmini aliileta nani? Mama mfugaji, Gladys Reid, miaka ya sabini, wataalam wakamdharau weee mpaka baadaye walipopima wenyewe wakakuta kweli inakinga. Wavivu ndo sisi?

Binti_Maabara: Mzee zinki siikatai, namheshimu huyo mama. Ila zinki sio chanjo, inatakiwa iwe mwilini kabla sumu haijaingia, na ikizidi nayo inamuumiza mnyama. Ini likiharibika ngozi inaungua na jua kirahisi, ila ukisubiri uone uso umeungua umeshachelewa, ini limeumia siku nyingi, na wengi wanaumia ini bila ngozi kuonyesha chochote.

Mchokozi77: Si ndo maana nikasema chanjo!!

Kaka_Ngeli: Hata neno chanjo lina walakini hapa. Chanjo tumezoea ni ya kijidudu, kinachozaana. Sumu haizaani. Mnyama akila nyingi kila siku kingamwili zinazidiwa, ni kama kukinga mvua na kikombe.

Mchokozi77: Na pepopunda je? Chanjo yake ni dhidi ya sumu, mbona tunaiita chanjo?

Kaka_Ngeli: ... hiyo sumu ni protini kubwa bwana. Ila sawa, hapo umenipiga.

Dume_la_Mbegu: madume jamani

Binti_Maabara: Kwangu hela ziende kwenye sumu moja moja, tuanze na zile ambazo kingamwili imeshaonekana inasaidia. Na neno uvivu Mzee, nalirudisha. La kukwangua mpaka udongoni silirudishi.

MzeeWaZizi: Hiyo ni nusu radhi. Nusu nyingine naisubiri hapa hapa.

Kaka_Ngeli: Mimi pia nasubiri kichwa cha mada kirekebishwe.