Kifundo kilichoteguka zamani kinawezaje kuumiza goti wakati wa kukimbia?

MbioNdefu:
Habari zenu, wanajukwaa. Miaka 2 iliyopita niliteguka kifundo cha mguu wa kulia nikikimbia kwenye barabara ya vumbi ya kuelekea Ngaramtoni, Arusha, na tangu hapo hupinda ghafla hata nikikanyaga kijiwe kidogo tu. Eksirei haikuonyesha mfupa uliovunjika. Siku hizi nikifika kilomita ya 8 goti la mguu huohuo huanza kuuma, na soli ya kiatu cha kulia imelika upande wa nje kuliko ya kushoto. Goti linahusikaje hapa?

Tabibu wa Viungo:
Ndugu MbioNdefu, linahusika sana. Mkimbiaji anapotua, kisigino hulalia kidogo upande wa ndani, muundi ukazunguka kukifuata na goti likakunja. Anapojisukuma mbele, mwendo huo wote hurudi kinyumenyume. Kwa mtu ambaye kifundo chake bado kinapinda zaidi ya miezi 12 tangu kilipoteguka mara ya kwanza, mara nyingi wayo hufika chini ukiwa umeinamia nje, na muundi haukifuati tena kisigino kwa kiasi wala kwa wakati uleule, hivyo goti na nyonga huachiwa kazi ya kufidia. Kuhusu soli, usiitegemee sana, kwani hata wenye vifundo vizima wengi huanza kukanyaga kwa ukingo wa nje wa kisigino.

Mwaka 1965 daktari Mwingereza Michael Freeman na wenzake walieleza kuwa kano, yaani nyuzi zinazounganisha mfupa na mfupa, zinapochanika huharibika pia neva zinazoujulisha ubongo mguu umekaaje. Maelezo hayo yamepanuka tangu wakati huo, kwa sababu wayo huonekana umeinama ungali hewani, kabla haujagusa chochote, jambo linaloonyesha kwamba ubongo wenyewe umebadili mpango wa hatua. Misuli ya nje ya muundi nayo haiwezi kuokoa jahazi peke yake: hushtuka baada ya zaidi ya milisekunde 50, na kufikia hapo kifundo kimeshaanza kupinda.

Kocha Mstaafu:
Naongezea kwamba kufunga bandeji na kuendelea na ratiba, kama tunavyofanya wengi, hupunguza hatari ya kuteguka tena lakini hakurudishi uratibu wa viungo. Kijana wangu, simama peku kwa mguu mmoja, ufumbe macho, kisha utuambie.

MbioNdefu:
Shikamoo, Kocha. Nimejaribu sasa hivi. Mguu wa kushoto nimefika sekunde 20 bila shida; wa kulia sikumaliza 5, vidole viling'ang'ania sakafu na nyonga ikatoka nje kabisa.

Kocha Mstaafu:
Marahaba. Hiyo nyonga ndiyo inayofidia. Anza kusimama hivyo ukiwa macho wazi, kisha juu ya godoro lililokunjwa huku ukirusha mpira ukutani, na mwisho uruke kwa mguu mmoja kwenda pembeni, ukitua kimya bila goti kuingia ndani. Kwa sasa kimbia kwenye uwanja tambarare, uishie kabla ya ile kilomita ya 8.

Tabibu wa Viungo:
Nakubaliana na Kocha, ila kwanza mwone mtaalamu wa fiziotherapia akipime kifundo kwa mikono, kwa sababu eksirei haionyeshi kano zilizolegea.