Mjadala: Mwanafunzi wa kidato cha kwanza aanzie kemia kwenye jedwali la elementi au kwenye magadi?

Ndugu zangu walimu, wazazi na yeyote aliyewahi kukaa kwenye darasa la kemia, nina jambo nataka tulijadili kwa uwazi.

Kila Januari napokea kidato cha kwanza. Ni watoto waliosoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili, na ghafla kila kitu kinageuka Kiingereza. Kipindi cha kwanza naandika ubaoni maana ya kemia, wananakili. Kabla ya likizo ya Juni wengi wameshakaririshwa elementi 20 za kwanza, haidrojeni mpaka kalsiamu, wanaziimba kama mchakamchaka. Mwaka jana nilimsimamisha binti mmoja aliyezitaja zote bila kukwama. Nikatoa kipande cha mkaa, nikamuuliza: humu kuna elementi gani kwa wingi? Akakitazama, akanitazama. "Mwalimu, si mkaa tu huo?" Kaboni alikuwa ameitaja dakika moja kabla, ya sita kwenye orodha.

Jibu lile limenikaa mpaka leo, kwa sababu kosa halikuwa lake.

Hoja yangu ni hii: wiki sita za mwanzo tuweke kando jedwali na alama zake. Mtoto ashike vitu anavyovijua, avieleze kwa Kiswahili chake, ndipo tumpe alama na jina la Kiingereza.

Nimeijaribu kwa mkondo mmoja. Nilibeba magadi ya sokoni, ndimu, rosela kavu, manjano na glasi chache. Tuliloweka rosela kwenye maji ya moto, tukagawa maji yale mekundu kwenye glasi tatu. Ya kwanza tukaiacha. Ya pili tukaikamulia ndimu, wekundu ukazidi kung'aa. Ya tatu tukaitia maji ya magadi, rangi ikageuka kijani kizito mbele ya macho yao. Darasa zima lilisimama. Kisha kijana mmoja akasema kwao shati likidondokewa na mchuzi wenye manjano, mama akilipaka sabuni ya mche doa linageuka jekundu, mama anailaumu sabuni. Tukachovya manjano kwenye maji ya magadi: jekundu lile lile. Nikawauliza, basi sabuni iko upande wa ndimu au upande wa magadi? Walijibu kwa sauti moja, upande wa magadi, na neno besi, yaani vitu vya upande huo vilivyo kinyume cha asidi kama ndimu, lilikuwa bado halijatajwa.

Wala hatuzikimbii alama. Herufi "Na", alama ya sodiamu, inatokana na natrium, jina lililotoka kwenye natron, yaani magadi, neno lile lile lililoko kwenye Ziwa Natron kule Arusha. Herufi "K", alama ya potasiamu, ni ya kalium, na mzizi wake ni Kiarabu, al-qali, majivu ya mimea. Bibi zetu waliochuja maji ya majivu ili kulainisha mboga walikuwa wanatumia chumvi za potasiamu. Mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alipozitenga elementi hizi mbili mwaka 1807, alianza na soda kali (caustic soda) na potashi kali, ndugu wa magadi na majivu. Jedwali la elementi la mwanakemia Mrusi Mendeleev lilikuja mwaka 1869, watu wakiwa wameshachoma, kuchuja na kupima vitu kwa karne nyingi. Kwa nini mtoto wetu aanzie mwisho?

Karibuni. Mnaopinga ndio ninaowasubiri zaidi.

Mwalimu wa sekondari, Mbeya:
Mwalimu mwenzangu, nakuheshimu, lakini hilo darasa lako mimi sina. Nina wanafunzi 90 kwenye chumba kimoja. Upimaji wa kidato cha pili hauulizi rosela. Unauliza kwa Kiingereza na unajibiwa kwa Kiingereza, kwa hiyo wiki sita za Kiswahili ni wiki sita umemnyima mtoto msamiati. Tena Kiswahili chenyewe kinatuangusha hapa. Barafu "inayeyuka". Chumvi kwenye maji nayo "inayeyuka". Kiingereza kina maneno mawili, melt kwa barafu na dissolve kwa chumvi, na tofauti hiyo ndiyo mada yenyewe. Mtoto akishaamini ni jambo moja, utamtoa lini hapo?

Mama mzazi, Tabora:
Mimi si mwalimu. Mwanangu darasa la sita alikuwa anafungua redio mbovu na kuuliza maswali mpaka baba yake anachoka. Sasa yuko kidato cha pili, haulizi kitu. Nikimwuliza kemia wamesoma nini, ananisomea sentensi ya Kiingereza. Nikisema nieleze, anajibu, "Mama, iko hivyo hivyo." Inaniuma. Lakini nina hofu pia, maana walio shule za kulipia hawamsubiri. Mkikubaliana kumpunguzia Kiingereza, mhakikishe hamumwachi nyuma.

Mchangiaji, Mombasa:
Huku Kenya watoto wanafundishwa kwa Kiingereza tangu gredi ya nne, na bado nimewaona wakikariri elementi vivyo hivyo. Kwa hiyo, mwalimu, kwa magadi nakuunga mkono, kwa lugha nakupinga. Ugonjwa ni kukariri.

Mwanzisha mada:
Nianze na mwalimu wa Mbeya, amegusa penye kidonda. Ni kweli "kuyeyuka" inabeba mambo mawili. Lakini mtoto anakuja shuleni na mkanganyiko huo tayari. Ukimfundisha kwa Kiingereza pekee, hauondoki, unajificha: maneno yote mawili atayatafsiri kimoyomoyo kuwa kuyeyuka na wewe hutajua. Mimi niliweka barafu kwenye sahani kavu. Ikawa maji, hakuna kilichoongezwa ila joto. Hiyo imeyeyuka. Kisha nikagawa pipi. Pipi tunafanyaje? "Tunaimumunya!" Haihitaji moto, inahitaji mate. Basi chumvi kwenye maji imemumunyika. Neno lilikuwa mdomoni mwao tangu wakiwa wadogo. TUKI, taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia tangu mwaka 1990. Maneno yapo, sisi ndio hatuyatumii. Siku hiyo maneno mawili ya Kiingereza hayakunichukua hata dakika tano, kwa sababu kila moja lilikuta kitu cha kushika.

Mama wa Tabora, simwondolei Kiingereza. Nataka kila neno la Kiingereza analojifunza liwe na kitu nyuma yake. Mtoto anayesema "iko hivyo hivyo" ameshaachwa nyuma, na kitabu kizima kiko kichwani mwake.

Ndugu wa Mombasa, kwetu kukariri na lugha ni mapacha. Mtoto asiyeimiliki lugha hana njia nyingine ila kukariri. Na hili halihusu maksi peke yake. Watu wanakufa kwa kulala na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Mtu anaweza kuandika vizuri kabisa kwenye mtihani kwamba kaboni ikiungua bila oksijeni ya kutosha hutoa kabonimonoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, kisha usiku wa baridi akaingiza jiko chumbani. Kichwani mwake kaboni ni neno la ubaoni, mkaa ni kitu cha nyumbani. Ni binti yule yule na kipande changu cha mkaa.

Fundi sanifu wa maabara, Dodoma:
Nakubaliana na mwelekeo, ila naomba mnisikilize. Kwenye chumba cha kemia hakuna kuonja. Leo pipi, kesho atalamba kitu kingine. Pia ukimwambia mtoto kwamba kemia iko nyumbani, atakwenda nyumbani kuchanganya. Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, ikikutana na dawa ya choo yenye asidi inatoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Maji ya betri yanaunguza ngozi na macho. Siku ya kwanza kabisa wape vitu vya kuchezea kwa majina, na wape vya kutogusa kwa majina. Usiseme tu "kuweni waangalifu".

Mwanzisha mada:
Umenishika, na nakubali. Pipi zitaliwa nje, chini ya mwembe, na maelezo yatatolewa huko huko. Hiyo orodha ya majina naiandika leo, na Jik nitaiweka juu kabisa.

Mwalimu wa Mbeya, nakuomba mkondo mmoja na kipindi kimoja. Usibadilishe kingine chochote. Wakishindwa kukueleza tofauti ya asidi na besi wiki inayofuata, rudi hapa uniambie mbele ya watu wote.

Mwalimu wa sekondari, Mbeya:
Sijakubali kuhusu wiki sita. Kipindi kimoja nitakitoa. Rosela kiasi gani kwa watoto 90?

Mwanzisha mada:
Viganja viwili vya rosela kavu kwa lita moja ya maji yaliyochemka. Acha ipoe, chuja. Magadi kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji. Tumia chombo kimoja cha kioo mbele, na kila dawati litume mtu mmoja asogee. Magadi yatie kidogo kidogo, usimimine yote kwa mkupuo, maana katikati ya wekundu na kijani kuna zambarau inayopita haraka, na hiyo ndiyo watakayotaka urudie.