Barafu ya Kibo ikiisha, mifongo itakauka?

Mwanakihamba: Wadau, kiangazi mifongo (mifereji ya asili ya kumwagilia) ya Uchagani inapungua, na wengi wanasema sababu ni kuisha kwa barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Ni kweli? Na mfongo ukipungua, mtu aanze kuangalia wapi?

Mpimamaji: Mkuu, barafu inaisha kweli. Mwaka 1912 ilifunika karibu kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 hazikutimia 2. Ila haijawahi kuwa tangi la mifongo. Kule juu hewa ni kavu, sehemu kubwa ya barafu hupotea kuwa mvuke bila hata kuwa maji. Chemchemi zinalishwa na mvua ya msituni, inayozama kwenye miamba ya volkano na kuibukia chini. Usifananishe na mto Río Santa kule Peru. Ule kiangazi hutegemea kweli barafu za milima ya Cordillera Blanca.

Ukungu2800: Naongezea suala la moto wa msituni. Juu ya mita 2,800 kuna miti ya erika yenye ndevu za kijivu. Ukungu ukipita, matone hunasa humo na kudondoka ardhini hata siku isiyo na mvua. Ikiungua, ukungu unapita bure. Moto wa Oktoba 2020 ulipiga hukohuko. Kwa maji ya mifongo, hasara hiyo naihofia kuliko ya barafu.

Mpimamaji: Sasa kipimo. Karibu na banio (pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni), chagua mita 10 zilizonyooka, tupia kijiti, hesabu sekunde. Mfano: upana sm 40, kina sm 15, kijiti kimetumia sekunde 25. Mwendo ni mita 10 ÷ sekunde 25 = 0.4. Zidisha upana 0.4 × kina 0.15 × mwendo 0.4, kisha × 0.7 kwa kuwa maji ya chini huenda polepole kuliko ya juu. Unapata mita za ujazo 0.0168, yaani kama lita 17 kwa sekunde. Rudia karibu na shamba la mwisho, siku hiyohiyo, migawo yote ikiwa imefungwa. Ukikuta lita 9, karibu nusu inavuja njiani, barafu haihusiki.

Banio: Mara nyingi ni mashimo ya fuko. Usizibe kwa gogo la mgomba, linaoza na tundu linarudi kubwa zaidi. Chimbua shimo mpaka mwisho wake, jaza udongo wa kichuguu wenye unyevu, tabaka la sm 10, shindilia, ongeza jingine. Saruji weka penye mchanga na kwenye makorongo tu. Ukisakafia mfongo wote, migomba iliyo chini ya ukingo itakosa unyevu iliouzoea, na ugomvi utaanzia hapo.

Mwanakihamba: Asanteni. Na banio lenyewe?

Banio: Kagua kabla ya masika, mchanga ukijaa mdomoni maji yanarudi mtoni.