Tupeane uzoefu: kusafirisha mziki mzito mkoani bila kufilisika

Besi Kavu
Wakuu, habari za jioni. Nimepata kazi ya mkutano wa injili Bukoba na mziki uko Dar: sabufa (spika za besi) nne za inchi 18, topu (spika za juu) nane, rafu ya amplifaya, mixa, trasi (fremu za kutundikia taa) na jenereta. Wenyeji wamesema usafiri ni juu yangu. Watu wa vifurushi wamenitajia bei, nikadhani wananiuzia gari. Waliowahi kwenda huko na mziki, mlifanyaje?

Utingo Mstaafu
Mziki hauendi kwa vifurushi. Nenda Mabibo, Mahakama ya Ndizi, alfajiri magari yakishusha. Fuso iliyoleta ndizi kutoka Kagera lazima irudi, na dereva anatafuta cha kuchangia mafuta. Zungumza naye mwenyewe. Dalali akishaingia katikati, imekula kwako.

Mama Taarabu
Halafu msisahau Dar ni bandari. Mzigo wa kupanda bara ndio ghali kwa sababu kila mtu anapandisha. Kushuka ni nafuu, malori kibao yanayopeleka mizigo Rwanda yanarudi matupu. Kwa hiyo mdogo wangu, usikubali kulipa kwenda na kurudi bei moja.

Fundi Nyaya
Nakazia hapo.

Kinubi
Mmenikumbusha Kigoma, na nilishaapa sitaisimulia tena.

Tulimaliza kazi kule, Jumamosi tuna harusi Tabora. Tukapata lori la kurudi, bei poa, mwenye gari mcheshi. Tukapanga sabufa chini vizuri, turubai, kamba. Sisi tukatangulia na basi. Nyuma yetu yule bwana akaongeza madumu ya mawese. Juu ya spika! Barabara mnaijua. Tabora tunafungua turubai, harufu inatupokea kwanza. Madumu yamepasuka, koni za karatasi ndani ya spika zimekunywa mafuta hadi zimekuwa rangi ya chungwa. Nikawasha moja kujaribu: besi inakohoa, inatema matone.

Ukumbi unapambwa, maharusi wanaingia saa mbili usiku. Mziki mwingine mjini umeshakodiwa. Nikaokoa topu mbili zilizokuwa pembeni, nyingine tukaazima zile spika za tarumbeta za kijana anayetangaza mnada wa nguo. Bibi harusi anaingia, sauti yote ni ya puani. Baba yake akanifuata kwenye mixa, akanishika bega: "Kijana, mwanangu anaolewa au ananadiwa?"

Mwenye lori nilipomfuata akanionyesha karatasi niliyosaini: mzigo kwa hatari ya mwenye mali.

Dogo wa Ilala
ANANADIWA 😂😂😂 nimecheka kwenye daladala watu wananiangalia

Mchambuzi Huru
Chai hii. Koni za siku hizi zimepakwa, hazinyonyi mafuta.

Kinubi
Zako labda. Zangu zilibadilishwa koni Kariakoo, karatasi tupu. Kama ulikuwepo Tabora, sema.

Shangazi Kaliua
Tuacheni na koni. Ulilipwa?

Kinubi
Nusu, shangazi. Na pilau.

Mtu wa Reli
Mnateseka bure. Pakia behewa Dar hadi Mwanza, pale unaingia meli ya Ziwa Victoria, unapitia Kemondo, unashuka Bukoba. Mzigo mzito ni wa reli na meli tangu enzi.

Utingo Mstaafu
Na makuli je? Dar wanapakia, Mwanza wanashusha, bandarini wanapakia tena, Bukoba wanashusha. Kila mkono unataka chake na kila mkono unaangusha. Fuso inapakiwa mara moja.

Mtu wa Reli
Hadi mizani ya malori ya Vigwaza, barabara ya Morogoro, wakukute umezidi uzito. Kinachoshushwa kwanza ni mzigo wa mgeni.

Deira Boy
Mimi niko Dubai, nitaongelea wanaonunua huku. Ndege wanachukua kilo au ukubwa, kinachozidi. Pima kwa sentimita urefu mara upana mara kimo, gawa kwa 6000. Boksi la 100 kwa 60 kwa 60 linahesabiwa kilo 60 hata kama ndani kuna taa za kilo 20. Meli ukichangia kontena ni hesabu ya mita za ujazo, na tani moja inahesabiwa sawa na mita moja ya ujazo. Sabufa ni nzito, kwa hiyo ziweke majini. Taa nyepesi kwenye maboksi makubwa ndizo zitakuumiza kotekote.

Fundi Nyaya
Mimi nabeba mixa, maikrofoni na nyaya zangu kwenye basi, sabufa nakodi hukohuko. Umeme haujui mkoa.

Besi Kavu
Mkuu, mziki wa kukodi nisioujua mbele ya maaskofu? Hapana.

Fundi Nyaya
Basi lipa, usilie.

Besi Kavu
Mrejesho: nimetoka Mabibo. Dereva kakubali kwa bei ya kibinadamu, hapakii kitu juu ya spika, tumeandikishana na nimepiga picha kila boksi na namba yake. Anataka jenereta limwagwe mafuta yote na betri ichomolewe. Anaomba hela yote sasa.

Mama Taarabu
Nusu sasa, nusu akishusha.

Utingo Mstaafu
Mpe theluthi mbili, mama. Kwa nusu hafiki Nyakanazi, utaenda kumvuta wewe.

Shangazi Kaliua
Muulize kwanza hapiti Kigoma.