Atemisia: mbegu za kuvuna mwenyewe, na ile ya porini

Mkulima_UsaRiver: Habari wakuu. Nimepanda atemisia, ule mmea wa dawa ya malaria, kwa mbegu nilizovuna msimu uliopita. Miche haifanani hata kidogo: mingine imenifika kifuani, mingine magotini na tayari ina maua. Jirani anasema nichimbe ile ya mlimani, eti ya porini ndiyo yenye nguvu. Kweli?

BiMkubwa_Bustani: Mdogo wangu, mbegu ya kwanza ulinunua chotara, sivyo? Chotara kama Artemis ya Uswisi hutokana na wazazi wawili walioteuliwa. Watoto wa wazazi hao, yaani chotara yenyewe, hulingana kiasi. Wajukuu, yaani mbegu ulizovuna wewe, kila mmoja hushika njia yake. Tena atemisia huchavushwa na upepo na aghalabu haijichavushi, kwa hiyo vinasaba huchanganyika mno. Ukipata mche mzuri, chukua vipandikizi kabla haujatoa maua. Hapo vinasaba ni vilevile.

Hiyo ya mlimani ni spishi nyingine, Artemisia afra: kichaka cha kudumu, majani ya kijivujivu. Ukali wa harufu usikudanganye, artemisinini, ile kemikali inayotibu malaria, karibu haimo. Hiyo uliyopanda wewe ni Artemisia annua; asili yake ni Asia, na huko porini kiwango cha artemisinini hutofautiana sana mmea kwa mmea. Ndiyo hazina ya watafiti wa mbegu.

Mkulima_UsaRiver: Asante dada. Na nikichemsha chai ya malaria?

BiMkubwa_Bustani: Thubutu! Shirika la Afya Duniani (WHO) haliungi mkono chai hiyo, kipimo hakijulikani. Kapime, umeze dawa mseto.

Kijana_Tengeru: Vipandikizi weka kivulini, mchanga uwe na unyevu.