Mke akipima kliniki, mume naye kapima? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Kuna kauli naisikia sana kwa wanaume wenzangu: "Mke wangu alipimwa VVU kliniki akiwa mjamzito, yuko salama, basi na mimi niko salama." Jamani, hapana. Zipo ndoa nyingi ambazo mmoja anao na mwenzake hana, na wanalala kitanda kimoja miaka. Hata Rais Kikwete na Mama Salma, Julai 2007 pale Mnazi Mmoja, walipima wote wawili. Sisi tulichomwa vidole pamoja, tukasubiri kama robo saa tukitazama ule mstari. Kinababa mliopima, tuelezeni ilikuwaje.

Mama Wawili: Umegusa penyewe. Tulipima pamoja, mimi nikawa sina, mume wangu akakutwa nao. Kwa hiyo majibu yangu peke yangu yangemwacha anaumwa bila kujua. Nesi hakuuliza nani kautoa wapi, nashukuru sana kwa hilo. Alianzishiwa dawa mapema, kidonge kimoja kwa siku. Sasa kipimo cha wingi wa virusi hakivioni kabisa, na mtu akifikia hapo na kuendelea na dawa, hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana. Mimi hadi leo sina, na napima kila ninapotakiwa. Kilichotuumiza ni maneno ya ndugu, siyo ugonjwa.

Dereva wa Tunduma: Sisi wa malori kukaa foleni kituoni ni mtihani. Nilipewa kipimo cha kujipima cha mate: unapitisha kijiti kwenye fizi, juu mara moja, chini mara moja, unakitumbukiza kwenye kichupa, unasubiri dakika 20. Tangu sheria ibadilishwe 2019 kujipima ni ruksa. Ila mistari miwili ikitokea, lazima uende kituoni wathibitishe. Na kama ulijiweka hatarini juzijuzi, rudia baada ya miezi 3, maana maambukizi mapya huweza kujificha.

Bibie: Mimi niligundulika kwenye mimba. Nikameza dawa, mtoto akapewa ya maji alipozaliwa, akapimwa akiwa na wiki 6, akapimwa tena baada ya kuacha kunyonya. Hana. Yuko darasa la tatu, mtundu kweli. Baba yake ndiye hataki kupima mpaka leo, anasema mtoto mzima maana yake na yeye mzima. Kina dada mliofanikiwa kumpeleka mume, mlianzia wapi?